Picha Isiyo na Mionzi: Kiswahili, MRI na Mtoto Mwenye Limfoma

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hii humlenga mgonjwa anayeona haya kukitaja kinachomsumbua. Hata hivyo, kuna maradhi ambayo hayafichwi na mgonjwa wala jamaa zake, bali hufichwa na lugha inayotumiwa kuyaeleza. Mzazi huketi mbele ya daktari, akasikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi au kidole gumba kwenye fomu ya idhini, kisha akaondoka bila kujua mwanawe anapelekwa kufanyiwa nini. Hali hii hujitokeza zaidi panapohusika teknolojia mpya ya tiba. Mfano mmojawapo ni matumizi ya MRI katika kuchunguza limfoma kwa watoto.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni moja. MRI hupendelewa kwa watoto, pale inapofaa, kwa sababu haitumii mionzi inayoweza kudhuru seli za mwili unaokua. Ilhali katika mazungumzo ya kila siku, Kiswahili huitumbukiza MRI katika kapu moja na eksirei, CT na hata tibamionzi, kwa kuviita vyote “mionzi” au “picha”. Kwa njia hiyo, sifa iliyofanya kipimo hicho kichaguliwe ndiyo inayopotea kwanza kinapoelezwa. Kosa hili ni la lugha, na wajibu wa kulirekebisha hauwezi kuachiwa madaktari pekee. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili pia.

Maradhi yenye historia ya Afrika Mashariki

Limfoma ni saratani ya seli za mfumo wa limfu, yaani mfumo wa mishipa na tezi unaousaidia mwili kupambana na maradhi. Tezi hizo hupatikana shingoni, kwapani, kinenani, kifuani na tumboni. Wengu na uboho wa mifupa pia huhusika. Wataalamu huzigawa limfoma katika makundi mawili makuu: limfoma ya Hodgkin, iliyopewa jina la daktari Mwingereza Thomas Hodgkin aliyeieleza mwaka wa 1832, na limfoma zisizo za Hodgkin, ambazo ni za aina nyingi.

Miongoni mwa hizi za kundi la pili, moja ina uhusiano wa karibu na eneo letu. Mwaka wa 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alionyeshwa mtoto aliyekuwa na uvimbe katika pande zote za taya. Mwaka uliofuata, yaani 1958, alichapisha maelezo ya uvimbe huo. Mwaka wa 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, mwendo wa takriban kilomita 16,000 kwenda na kurudi, wakiulizia hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo umeonekana huko. Ramani ya maradhi hayo ikawa inafanana na ya maeneo yenye malaria. Mwaka wa 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi ambacho hadi leo hubeba majina ya Epstein na Barr. Nchini Kenya, limfoma ya Burkitt huonekana zaidi kwa watoto wa kanda ya Ziwa Viktoria na wa Pwani, ambako malaria imekita mizizi.

Basi si kweli kwamba limfoma ni habari ya mbali iliyoletwa na vitabu vya kigeni. Elimu ya dunia kuhusu aina moja ya maradhi haya ilianzia kwenye nyuso za watoto wa Afrika Mashariki. Jambo la kusikitisha ni kwamba wazazi wa watoto kama hao, zaidi ya miaka sitini baadaye, bado huyasikia maradhi yenyewe yakielezwa kwa maneno ya kubabaisha.

Kwa nini mtoto apigwe picha

Ni muhimu kwanza kubainisha kazi ya picha. Picha haisemi kwa uhakika kwamba uvimbe ni limfoma. Kauli hiyo hutolewa na bayopsi, yaani kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kinachokatwa na kuchunguzwa kwa hadubini. Kazi ya picha ni kueleza maradhi yamefika wapi. Je, yamo katika tezi za eneo moja tu? Yamevuka kiwambo kinachotenga kifua na tumbo? Yameingia kwenye ini, uboho, ubongo au uti wa mgongo? Majibu huwekwa katika hatua nne, kuanzia ya kwanza hadi ya nne, na hatua hizo husaidia kuamua kiasi na aina ya dawa. Matibabu yakishaanza, picha hurudiwa ili kuona kama uvimbe unanywea.

Vyombo vya kazi hii ni kadhaa. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, na ndiyo inayopatikana kwa wepesi zaidi. CT hutumia eksirei zinazouzunguka mwili na kuunda picha za vipande vyake. PET humtaka mgonjwa adungwe sukari iliyotiwa chembe zinazotoa mionzi. Kwa kuwa seli za saratani huila sukari kwa pupa, sehemu zenye maradhi hung'aa pichani. PET inapounganishwa na CT huonyesha mahali pa uvimbe na uhai wake kwa pamoja. Ndiyo sababu hutegemewa sana katika limfoma ya Hodgkin.

Tatizo ni kwamba CT na PET humpa mgonjwa mionzi, na mtoto mwenye limfoma hapigwi picha mara moja. Hupigwa mwanzoni, katikati ya tiba, mwishoni, na pengine katika miaka ya ufuatiliaji. Seli za mtoto zinagawanyika kwa kasi, na mbele yake kuna miaka mingi ambamo madhara yaliyojificha yanaweza kujitokeza. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2012 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba watoto waliopigwa CT mara kadhaa, hata jumla ya mionzi ikafikia takriban miligrei 50, walikabiliwa na uwezekano wa kupata saratani ya damu karibu mara tatu zaidi ya waliopata kiasi kidogo sana. Watafiti hao hao walisisitiza kuwa idadi halisi ya walioathirika ni ndogo na kwamba CT inayohitajika isikataliwe. Hata hivyo, ujumbe ulieleweka: penye njia nyingine inayofaa, mtoto aepushwe.

Jinsi MRI inavyofanya kazi

MRI ni mojawapo ya njia hizo. Ndani ya chombo kuna sumaku yenye nguvu kubwa. Mashine za kawaida huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3, na hiyo tesla 1.5 peke yake ni takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoelekeza dira ya baharia. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji yana hidrojeni. Viini vya hidrojeni hujipanga kufuata sumaku. Mashine ikirusha mawimbi ya redio, viini huyumba. Mawimbi yakikatika, viini hurejea mahali pake na kutoa ishara hafifu inayonaswa na kugeuzwa picha na kompyuta. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 2003 kwa uvumbuzi wao katika taaluma hii.

Kwa limfoma kuna mbinu moja yenye manufaa zaidi. Katika nyama ya kawaida, chembe za maji huwa na nafasi ya kutembeatembea. Katika uvimbe wa limfoma, seli hubanana kama abiria katika matatu ya jioni, na maji hukosa pa kupita. MRI inaweza kupima mwendo huo wa maji, na pale yanapokwama picha hung'aa. Mwili mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, unaweza kuchunguzwa hivyo bila mionzi ya eksirei. Mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walilinganisha MRI ya mwili mzima ya aina hii na PET iliyounganishwa na CT kwa watoto na vijana 22 wenye saratani, zikiwemo limfoma. Uwezo wa njia hizo mbili wa kuuona uvimbe ulikaribiana.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuisifu MRI kupita kiasi. Kwanza, vinundu vidogo vya mapafuni huonekana vizuri zaidi kwa CT. Pili, uvimbe unaweza kubaki baada ya tiba ukiwa kovu tupu, na PET hutofautisha kovu na uvimbe ulio hai kwa wepesi kuliko MRI. Tatu, kipimo cha mwili mzima huweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima, na mtoto hatakiwi kusogea. Nne, mashine ni ghali, na hospitali zenye mashine hizo ziko hasa katika miji mikubwa. Tano, na hili ni zito kwa eneo letu, limfoma ya Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha: seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto mwenye uvimbe wa taya au tumbo hawezi kusubiri foleni ya MRI ya wiki tatu. Ultrasaundi, bayopsi na dawa zinazoanza mapema ndizo zinazomwokoa. Lakini mtoto huyo huyo akianza kushindwa kusimama kwa sababu uvimbe unabana uti wa mgongo, MRI hueleza kile ambacho ultrasaundi haiwezi kukiona. Kila chombo kina swali lake.

Maelezo haya yote yamewezekana kwa Kiswahili. Basi lugha haijashindwa. Walioshindwa ni wanaoitumia, na kushindwa kwao kunaonekana katika maneno matatu.

Maneno matatu yanayopotosha

Neno la kwanza ni mionzi. Katika wodi za saratani, “kupelekwa mionzi” humaanisha kutibiwa kwa tibamionzi. Katika chumba cha eksirei, “mionzi” ni ile inayopiga picha. Mzazi akiambiwa kwamba MRI nayo ni “kipimo cha mionzi”, ana haki ya kuamini mojawapo ya mambo mawili: kwamba mwanawe ameanza kutibiwa, au kwamba anaongezewa sumu juu ya sumu. Akiamini la kwanza, huenda akarudi nyumbani akidhani tiba imekwisha. Akiamini la pili, huenda akakataa. Katika hali zote mbili anayeumia ni mtoto.

Mwanafizikia anaweza kupinga akisema kwamba mawimbi ya redio nayo ni mnururisho. Ni kweli, na mwanga wa mshumaa ni mnururisho pia. Tofauti ni kwamba mawimbi ya redio hayana nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu na kuharibu chembe za urithi, ilhali eksirei zina nguvu hiyo. Lugha yenye neno moja kwa vitu viwili vyenye hatari tofauti kiasi hiki inahitaji kuongezewa neno.

Neno la pili ni tezi. Kwa Mkenya wa kawaida, tezi ni uvimbe wa shingo unaotokana na ukosefu wa madini ya joto. Kwa wanaume wa makamo, neno hilo huleta haraka wazo la tezi dume. Mama akiambiwa kwamba mtoto wake wa miaka sita ana “saratani ya tezi”, ataelewa nini? Neno mtoki limo katika lugha tangu zamani, likimaanisha uvimbe wa tezi za kinenani au kwapani, hasa mtu anapokuwa na kidonda mguuni au mkononi. Lina faida ya kugusa mfumo wa limfu hasa. Hata hivyo, mtoki unajulikana kama jambo dogo linalopona lenyewe, na hatari yake ni kumtuliza mzazi anayepaswa kuharakisha. Kwa sababu hiyo, inafaa ugonjwa uitwe limfoma, neno lililotoholewa na lisilo na mizigo ya maana, kisha mtoki utumiwe katika maelezo: limfoma ni saratani inayoanzia kwenye seli za kinga, mara nyingi katika tezi zile zile zinazovimba mtu anapopata mtoki, lakini haiponi yenyewe.

Neno la tatu ni picha. Mtu akipigwa picha, hukaa sekunde moja, akatabasamu, akaondoka. Mtoto aliyeambiwa “unakwenda kupigwa picha” kisha akaingizwa ndani ya bomba linalonguruma kwa dakika arobaini amedanganywa, na anajua kwamba amedanganywa. Hatamwamini tena aliyemwambia hivyo, na matibabu ya limfoma huchukua miezi.

Pendekezo: picha ya sumaku

Wapo watakaotaka tafsiri kamili ya kila neno lililofichwa katika herufi tatu za MRI. Zao lake huwa ni istilahi ndefu inayofaa kamusi na isiyofaa kitanda cha mgonjwa. Makala haya yanapendekeza njia fupi: picha ya sumaku kwa matumizi ya jumla, herufi MRI zikibaki kwa sababu ndizo zitakazoandikwa kwenye fomu na kwenye mlango wa chumba.

Faida za istilahi hii ni tatu. Kwanza, huitenga MRI na mionzi papo hapo. Pili, hutoa onyo la usalama bila maelezo ya ziada. Anayesikia “sumaku” anaelewa kwa nini sarafu, pini za nywele, bangili na mkufu vivuliwe, na kwa nini mwenye chuma mwilini aseme mapema. Tatu, kila mtoto aliyesoma shule ya msingi ameona sumaku ikivuta misumari. Kasoro iliyobaki ni ya lile neno picha, na hiyo itatibiwa na maelezo: picha hii huchukua muda mrefu na ina kelele.

Itadaiwa kwamba istilahi hii haijakamilika kwa kuwa haitaji mawimbi ya redio. Dai hili linasahau kwamba istilahi si fasili. Neno UKIMWI halielezi kila kitu kuhusu maradhi hayo, lakini kwa kubeba maneno ukosefu wa kinga mwilini lilimpa mwananchi kiini cha jambo, na likaenea hata likaacha kuonekana kuwa ni kifupisho. Sheikh Ahmed Nabhany alipobuni runinga kutokana na rununu na maninga, hakutaja umeme wala mawimbi. Alitaja habari na macho, na Wakenya wakalipokea neno. Istilahi njema huchagua sifa moja iliyo kweli na yenye kumfaa mtumiaji.

Kazi ya fasihi katika chumba cha MRI

Hadi hapa imezungumziwa istilahi, ambayo ni kazi ya wanaisimu. Lakini wanafasihi nao wana fungu lao, na huenda ni kubwa zaidi. Picha ya MRI huharibika mtoto akisogea. Kwa hiyo watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka sita hivi, mara nyingi hulazwa kwa dawa ya usingizi. Dawa hiyo humtaka mtoto akae na njaa saa kadhaa, na humtaka daktari wa nusukaputi awepo. Kwa mtoto mwenye uvimbe mkubwa kifuani unaobana njia ya hewa, usingizi huo una hatari ya kweli. Imeonekana katika hospitali za nchi mbalimbali kwamba watoto walioandaliwa kwa mchezo na masimulizi hutulia vizuri zaidi, na baadhi yao hawahitaji usingizi. Maana yake ni kwamba maneno mema yanaweza kushika nafasi ya dawa.

Kiswahili kimejaliwa nyenzo za kazi hii. Tanakali za sauti, tashbihi na mwito wa kitendawili ni mali ya fasihi simulizi ambayo mtoto amekwisha kuizoea. Maelezo ya kumwandaa mtoto yangeweza kuwa hivi:

“Utalala kwenye kitanda chembamba. Kitanda kitaingia polepole ndani ya mtungi mkubwa uliolazwa, ulio wazi huku na huku. Mtungi huo ni sumaku. Utausikia ukigonga: ngo, ngo, ngo! Kisha utanguruma: grrr! Kisha utanyamaza kidogo. Ukinyamaza, usidhani umekwisha, unapumua tu. Kazi yako ni kuwa kama jiwe la mtoni: maji yanapita, jiwe halisogei. Mkononi utakuwa na kitufe. Ukitaka kusema nasi, kibonyeze, nasi tutakusikia.”

Maelezo haya si pambo. Tanakali zinaliandaa sikio ili kelele isiwe ya ghafla. Tashbihi ya jiwe inaipa amri ya “usisogee” sura ambayo mtoto anaweza kuishikilia. Kitufe kinampa uwezo mahali ambapo kila kitu kingine kinafanywa na watu wazima. Aidha, maelezo hayadanganyi. Iwapo mtoto atadungwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha, sentensi ya kusema hivyo iongezwe, kwani fasihi inayomficha mtoto sindano haitamsaidia siku ya pili.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba madaktari husomeshwa kwa Kiingereza na hawana muda wa kujifunza istilahi. Jibu ni kwamba hawatakiwi kujifunza kamusi. Wanatakiwa kupewa ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, nao waukosoe kwa ujuzi wao wa tiba. Sheria pia iko upande huu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mhudumu kumweleza mgonjwa, au mlezi wa mgonjwa aliye mtoto, kuhusu vipimo, manufaa na hatari zake, kwa lugha anayoielewa inapowezekana. Idhini iliyotolewa bila kuelewa ni sahihi tu kwenye karatasi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Nyanya aliyemleta mjukuu wake kutoka Siaya huenda akakielewa Kidholuo tu, na yule wa Kilifi akawa anasema Kigiriama. Je, Kiswahili kitamfaa? Pengine si moja kwa moja. Lakini mhudumu au jirani wa kitandani anayemfasiria atatafsiri alichokielewa mwenyewe. Maelezo ya Kiswahili yaliyo wazi ni daraja la kufikia lugha hizo, na yaliyo na utata huusambaza utata huo katika lugha zote. Wanafunzi wa Kiswahili ambao lugha zao za kwanza ni hizo ndio wanaofaa zaidi kulijenga daraja hilo.

Hitimisho

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai, mwaka wa 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba nyingi zimetolewa kuhusu ukuaji wa lugha hii. Ni jambo jema. Lakini ukuaji wa lugha haupimwi kwa idadi ya majukwaa bali kwa idadi ya mambo mazito ambayo watu wanaweza kuyafanya kwa lugha hiyo bila kupotoshwa. Kuamua iwapo mtoto mwenye saratani aingizwe katika mashine ni mojawapo ya mambo hayo.

Kwa hiyo idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyenye shule za utabibu zina fursa iliyo umbali wa kutembea kwa miguu. Mwanafunzi mmoja wa uzamili anaweza kuandika tasnifu kuhusu lugha ya idhini katika wodi za watoto. Chama kimoja cha wanafunzi kinaweza kutayarisha ukurasa wa picha ya sumaku, kikaupeleka kwa wataalamu wa radiolojia ukaguliwe, kisha kikausoma mbele ya wazazi na kurekebisha pale watakapokunja uso. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji watu wanaojua uzito wa neno, na watu hao ndio idara za Kiswahili zinazowafunza.

Watoto wa eneo hili waliupa ulimwengu elimu ya maradhi haya. Wanastahili angaa kuelezwa, kwa lugha wanayoielewa, kwamba kile kinachonguruma juu ya vichwa vyao ni sumaku, na kwamba hakiwachomi.